Nilivyo-update firmware ya tanki la maziwa Sotik huku mtu akiendelea kupima

Wakuu habari zenu, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Haya ninayoandika sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa vidole vyangu. Chumvi sijaongeza. Mahali utakapoona nimejisifu, jua hapo ndipo nilipostahili.

Kwanza mnijue, maana humu ndani kila mtu ni injinia mpaka stima ipotee.

Mimi ni mtoto wa Kiptere. Nilianza kuchuma chai na mama yangu wakati kikapu kilikuwa kinanizidi urefu. Shule nilijisomesha kwa kuchuma kila likizo, nikapata diploma ya umeme na elektroniki. Baadaye nikaenda Doha miaka saba, kutunza mitambo inayoendesha baridi, lifti na taa za majengo marefu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua.

Nimerudi. Nimejenga nyumba ya mawe, na nina duka la elektroniki hapa Sotik. Watu wananiita injinia. Najua diploma si digrii, msinikumbushe. Nimewarekebishia wenye digrii kazi nyingi mno kuona haya.

Sasa tuingie kwa mambo.

Nje kidogo ya Sotik kuna kituo cha ushirika cha kukusanya maziwa. Jina sitaji. Wakulima zaidi ya mia mbili wanaleta hapo maziwa yao. Wengi ni wale wale wa chai: asubuhi wanakamua, wanaleta mtungi, halafu wanarudi shambani kuchuma.

Kituo kina vitu vitatu vya maana. Kuna tanki kubwa la chuma la kupoza maziwa. Kuna mizani ya digital mezani mlangoni. Na kuna kaboksi kadogo ukutani kenye kioo, ndani yake board moja ya kielektroniki.

Hako kaboksi ndiko kanatawala kila kitu. Kanawasha kompresa ya kupoza. Kanaendesha kile chuma kinachokoroga maziwa ndani ya tanki. Kanapokea kilo kutoka kwa mizani, kanazigeuza lita, kanachapisha risiti, na kanamtumia mkulima meseji kwamba maziwa yako yamefika.

Yaani board moja, kazi tano. Kama yule mtu wa kanisa ambaye ni mweka hazina, mwalimu wa kwaya, mlinzi, na bado anapika chai ya wageni. Lazima siku moja atachanganya.

Na ilichanganya.

Kuna siku kioo kiliandika nyuzi nne tangu asubuhi hadi mchana. Nne ndiyo baridi inayotakiwa, kwa hivyo kila mtu alifurahi. Lori la mnunuzi likaja, wakatumbukiza kipimajoto chao, wakakuta maziwa yako nyuzi kumi na tatu. Maziwa ya siku nzima yalikataliwa. Mkuu, ukitaka kuona watu wazima wamenyamaza, waonyeshe maziwa yao yakimwagwa kwa mtaro.

Mnunuzi akaacha onyo: ikitokea tena, lori linaondolewa kwenye njia hii.

Lori likiondoka, kituo kimekufa. Sotik hakuna mnunuzi mwingine anayeweza kuchukua maziwa ya wakulima mia mbili. Utauzia majirani, nao majirani wana ng'ombe wao.

Kampuni iliyouza hako kaboksi iko Nairobi. Walipigiwa simu, wakasema ni "memory conflict", wamerekebisha, wanatuma firmware mpya, yaani programu inayokaa ndani ya board, kwa email. Fundi hawatumi. Wanatuma email. Tatizo linasafiri kilomita zote hizo kuwafikia, dawa inarudi kama kiambatisho.

Sasa nieleze memory conflict kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu kuna mtu humu ataruka kusema ni virus.

Fikiria kichaka kimoja cha chai. Mtu mmoja anapogoa kwa panga. Mwingine, hapo hapo, kichaka hicho hicho, anachuma. Wote wana kazi halali, na hakuna mbaya kati yao. Lakini mwisho wake ni kidole chini.

Ndiyo maana shambani kila mtu ana mistari yake, na kichaka kinachopogolewa hakichumwi.

Memory ya mashine ni hivyo hivyo. Kwenye kile kituo, sehemu ya programu inayotuma meseji na sehemu inayosoma joto zilikuwa zinaandika mahali pamoja. Zikigongana, ile ya joto inaganda na namba ya zamani. Kioo kinasema nne, maziwa yanasema kumi na tatu.

Meneja wa kituo, Bwana Langat, akanijia dukani. Huyu ni mtu mpole anayeongea kama anasoma tangazo la kifo.

"Injinia, tunasikia wewe uliwahi kufanya hizi vitu huko nje."

"Hizi?" nikamwambia. "Hizi nilikuwa nafanya nikingoja chai ichemke."

Wakuu, niliyasema hayo mbele ya wateja. Yaandikwe.

Kesho yake nikafika kituoni mwendo wa saa tatu na nusu asubuhi. Nilivaa shati jeupe na vile viatu vyangu vya suede, ngozi laini isiyopatana na maji, nilivyonunua Doha. Nilibeba laptop, kebo, na heshima yangu yote.

Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na mtungi wake. Mezani alikaa Kibet, karani wa mizani, kijana wa miaka thelathini hivi, mtaratibu, ana mwandiko kama wa kitabu. Kando ya tanki alisimama Odhiambo, fundi wa friji.

Odhiambo lazima nimweleze. Baba yake alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwanda cha chai, yeye akazaliwa kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Kipsigis anakijua kunishinda. Cheti pekee alichonacho duniani ni cha ubatizo. Lakini kila friji kati ya hapa na Sigor ameshaitia mkono.

Akanitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Omera, ndugu yangu, si ungoje lori libebe hii maziwa? Saa nane tanki itakuwa tupu, ucheze nayo vile unataka."

"Odhis, huko nilikotoka tuna-update jengo la ghorofa arobaini watu wakiwa ndani ya lifti."

"Na walifika?"

Foleni ikacheka. Swali la kitoto kabisa.

Nikafungua email ya Nairobi. Maelekezo yalikuwa ukurasa mmoja. Mstari wa pili ulisema wazi: chomoa waya wa mizani kabla ya kuanza, ili rekodi mpya zisiingie.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kiliharibikia.

Sababu ya mstari huo ni kwamba programu ya zamani ilikuwa inaweka rekodi za kupima kwenye kurasa fulani za memory. Programu mpya ni kubwa zaidi. Zile kurasa sasa imezichukua, inaweka humo amri zake. Lakini wakati wa update, ile ya zamani bado inakimbia. Haijui kwamba imeshahamishwa nyumba. Ukipima mtungi mmoja tu, inakwenda kwenye ukurasa wake wa kawaida, inafuta iliyoyakuta, inaandika.

Hayo niliyaelewa. Sikuwa mjinga. Nililijua jambo lile kwa kina kuliko aliyeandika maelekezo.

Lakini waya wa mizani ulikuwa umepita chini ya meza, umefungwa na skrubu mbili nyuma ya mguu wa ukutani. Na chini ya ile meza kulikuwa na matope ya mitungi yote ya asubuhi, yamechanganyika na maziwa yaliyomwagika. Kuuchomoa ilibidi upige magoti humo, mbele ya foleni, na shati jeupe. Na viatu vya suede.

Nikafikiria kidogo. Nikaona: lengo ni watu wasipime. Watu wanaweza kuambiwa.

Nikachukua kipande cha katoni, nikaandika kwa kalamu nene, USIPIME, nikakiweka juu ya mizani.

Nikageukia foleni, nikatangaza kwa sauti ya mtu aliyelipwa kwa madola.

"Dakika kumi na mbili. Mtu asiguse mizani. Kibet, umesikia?"

"Nimesikia, injinia."

"Mtu yeyote."

"Mtu yeyote, injinia."

Odhiambo akakohoa. Nikaanza.

Kwa wanaotaka kujua, asilimia kumi za kwanza zilienda vizuri sana. Hata ishirini. Nikaanza kumweleza Bwana Langat jinsi tulivyokuwa tunafanya hivi Doha kwa majengo kumi kwa zamu moja. Alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu. Foleni ilikuwa inanitazama. Nakiri nilikuwa nimeupa mgongo mlango.

Asilimia hamsini na kitu, nikasikia kelele ndogo nyuma yangu.

Krrrrr.

Wakuu, hiyo ilikuwa printa ya risiti. Printa haichapishi bila kupima. Nilijua kabla sijageuka.

Kugeuka, namwona mama mmoja wa makamo, leso safi, sweta limefungwa vifungo vyote, anachukua risiti yake pembeni mwa meza. Hakumtazama Kibet, na Kibet hakumtazama yeye. Mmoja alikuwa anaangalia ukuta, mwingine anaangalia sakafu. Kile kikatoni changu kilikuwa kimewekwa kando taratibu, kimelazwa vizuri, kama cheti cha ndoa.

"Kongoi," mama akauambia ukuta, yaani asante. Akaondoka na mtungi wake mtupu.

"Kibet! Nilisema nini?"

Kibet alikuwa anatokwa jasho kwenye baridi ile ya asubuhi.

"Injinia, hiyo karatasi ni ya watu. Huyo ni mama mkwe."

Kwa wasiojua mila za kwetu. Mama mkwe si mtu wa kusimama naye mkitazamana. Kuna umbali wake, kuna heshima yake. Kawaida yule mama hutuma maziwa na bodaboda. Siku hiyo pikipiki haikuja, akaleta mwenyewe. Foleni ilipomwona ikamfungulia njia, kwa sababu foleni nzima inajua ni nani kwa nani. Akajikuta mbele ya meza, mbele ya mkwewe.

Sasa Kibet afanye nini? Amwambie "ngoja hapo dakika sita", wasimame uso kwa uso, watu thelathini wakihesabu? Njia fupi kuliko zote ya kumaliza lile balaa ilikuwa kumpimia aende. Sekunde kumi. Lita saba.

Mzee mmoja kwenye foleni akamtetea. "Wewe injinia ungemwambia wako angoje?"

Mama mkwe wangu hata simu yake naipokea nikiwa nimesimama.

Laptop ikaendelea. Sabini. Tisini. Mia. Ikaandika kwa kijani kwamba imefaulu.

Nikapumua. Ile mashine hukagua kila ukurasa mara tu ikimaliza kuuandika. Nikasema kimoyomoyo, mungu wa wenye diploma yuko macho. Nikawatangazia watu kwamba tumemaliza, na ilikuwa dakika kumi na moja, si kumi na mbili.

Kaboksi kakajizima ili kawake upya.

Kioo kikarudi na safu ya viboksi vyeupe. Hakuna namba. Hakuna herufi. Viboksi tu.

Halafu kompresa ikanyamaza.

Ukishakaa na mitambo, unajua ile sauti huisikii mpaka ikome. Ilipokoma, nilisikia ng'ombe wa jirani, nikasikia mtu akimeza mate, nikasikia Bwana Langat akisema "Ee" polepole sana.

Tanki lilikuwa na maziwa ya jana jioni na ya asubuhi hiyo. Yalikuwa nyuzi kumi na moja, yakishuka. Sasa hayashuki. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Lori hufika saa saba.

Odhiambo akaja, akasimama karibu yangu, akaonyesha tanki kwa kidole.

"Omera. Sasa hawa ndio wako kwa lifti."

Nikataka kukimbilia laptop nirudishe programu ya zamani. Akanizuia kwa mkono.

"Wacha hiyo kitu. Maziwa kwanza. Hiyo kaboksi yako haichachi."

Inaniuma kuandika hivi, lakini nimeahidi ukweli: alisema la maana.

Alifungua kabati la umeme, akavuta nyaya mbili za kompresa, akazipitisha pembeni ya board, akazifunga kwenye swichi ya kawaida, ile ya kuwashia taa ya chumba. Akabonyeza. Kompresa ikanguruma. Hakuna firmware, hakuna asilimia. Washa, zima, na kipimajoto cha mkono.

Foleni ikampigia makofi. Mimi nilipofika asilimia mia hakuna aliyepiga.

Lakini kulikuwa na shida moja. Kile chuma cha kukoroga kilikuwa kinapata amri yake kwa njia nyingine ndani ya board, na kukifungia njia ya pembeni kungechukua muda. Na ukipoza tanki bila kukoroga, maziwa ya chini yanaganda barafu, ya juu yanabaki na joto. Yote yanaharibika, kila moja kwa ugonjwa wake.

Odhiambo akachukua ule mwiko mrefu wa chuma unaotumika kabla ya kuchota sampuli. Akaninyooshea.

"Hiyo diploma inajua kukoroga?"

Niliosha mikono mpaka kwenye kiwiko kwa ile sabuni yao kali. Nikavua suede, nikapewa gumboot zisizolingana, moja kubwa moja ndogo. Nikavalishwa kofia ya neti. Nikapanda ngazi ya tanki, nikaanza kukoroga.

Saa nzima, wakuu. Polepole, maana ukikoroga kwa fujo mafuta yanajitenga. Chini mpaka juu, chini mpaka juu.

Wale waliokuwa kwenye foleni walishaambiwa waweke mitungi yao kwenye lile birika la maji baridi la zamani, wangojee. Kwa hivyo hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kuja mlangoni kunitazama kwa zamu.

Mama mmoja akamuuliza mwenzake, sauti ya kunisikilizisha, "Huyu ndiye alikuwa Arabuni?"

"Ndiye huyo."

"Na huko alikuwa anakoroga nini?"

Wacheni nisiendelee.

Mtu pekee aliyekuwa amepimiwa na kwenda nyumbani tangu nianze update ni mama mkwe wa Kibet.

Saa tano na nusu Odhiambo akakipatia kile chuma umeme, kikaanza kuzunguka chenyewe. Nikashuka, mabega hayasikii. Kipimajoto kikasema tisa. Saa sita, nyuzi saba na nusu. Bwana Langat alikuwa anakuja kukiangalia kila dakika tano na kurudi ofisini, kama mtu aliye na mgonjwa wodini. Saa sita na nusu, nyuzi tano na kidogo.

Saa saba kasoro dakika tano tukasikia lori likipanda.

Anayekuja na lori ni dada mmoja mwembamba asiyecheka. Ana kipimajoto chake, ana kichupa chake cha spiriti. Akapita kando ya kioo chenye viboksi, akasimama, akakisoma kana kwamba kimeandikwa kitu.

"Hii nini?"

"Tuko kwa update," Bwana Langat akasema.

"Hii mashine yenu ndiyo ilitudanganya mwezi uliopita?"

"Ndiyo hiyo. Tunaitibu."

Akapanda ngazi, akatumbukiza kipimajoto. Wote tulikikodolea macho. Mimi, Odhiambo, Kibet aliyekuwa amejibanza nyuma ya mizani yake, na wakulima waliojaa mlangoni. Akakitoa. Akakipangusa. Akakirudisha tena.

"Nne," akasema. "Nne kamili."

Akachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kichupa, akakitikisa, akakitazama kwenye mwanga. Mabonge yakionekana, umekwisha. Akatikisa tena. Maziwa yalikuwa laini.

"Lete bomba."

Wanawake mlangoni wakapiga kelele mpaka dereva akashuka kuuliza kama kuna harusi.

Lakini yule dada hakuwa amemaliza. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba kioo hakifanyi kazi, akamwambia Bwana Langat, "Kesho nikikuta hii haisomi, sifungui bomba. Hata maziwa yakiwa barafu."

Kwa hivyo bado shingo ya kituo ilikuwa kwenye kamba. Tulikuwa tumenunua siku moja tu.

Tanki likatolewa maziwa, likaoshwa. Saa nane lilikuwa tupu, kama tu vile Odhiambo alivyosema asubuhi. Hakunikumbusha. Alikaa juu ya ndoo akila viazi vitamu, akinitazama. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Safari hii sikuandika katoni.

Nilipiga magoti kwenye yale matope na shati langu lile lile jeupe, nikaingia chini ya meza na bisibisi. Skrubu mbili. Nikauchomoa waya wa mizani, nikautoa nje kabisa, nikautia mfukoni mwangu. Nikachomoa na wa printa. Nikazima na laini ya meseji. Nikahakikisha hakuna kiumbe chochote kwenye ile nyumba chenye njia ya kuandika kwenye memory ila mimi.

Kabla ya kurudisha programu, nikaivuta memory yote kwenye laptop nione kilichotokea. Hapa ndipo nataka mafundi msome polepole.

Nilipitia amri za kuwasha kompresa, ukurasa baada ya ukurasa, zote nzima. Halafu nikafika ukurasa mmoja uliofutwa wote. Mtupu. Isipokuwa mwanzoni, mstari mmoja: namba ya mwanachama, saa, na lita saba.

Katikati ya akili ya mashine, mahali palipotakiwa kuwa na amri ya kupoza tanki zima, palikaa maziwa ya mama mkwe.

Ukurasa ulikuwa umeandikwa vizuri, ukakaguliwa, ukapita. Kisha programu ya zamani ikaja na lita zake, ikafuta, ikaandika, ikaondoka. Hakuna aliyerudi kukagua mara ya pili. Ndiyo maana laptop iliniambia imefaulu. Haikusema uongo. Ilisema ukweli wa dakika tano zilizopita.

Nikamwita Odhiambo aone. Akasogea, akatazama ile namba.

"Kumbe ilikula risiti," akasema.

Nikairudisha programu ya zamani, nikafanya update upya. Dakika kumi na moja. Nikaisoma memory yote tena kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikalinganisha na faili ya Nairobi. Sawa kwa sawa. Kioo kikawaka na herufi na namba. Nikarudisha nyaya nilizochomoa, Odhiambo akarudisha za kompresa na za kukoroga kwenye board. Tukamwaga maji kwenye tanki, tukajaribu meseji ishirini mfululizo huku joto likisomwa, na namba haikuganda hata mara moja. Jioni mitungi iliyokuwa ikingoja birikani ikapimwa, ikaingia tankini.

Hakuna aliyepiga makofi. Kazi iliyofanywa vizuri haina watazamaji, walishaenda kuchuma.

Sasa la mwisho.

Bwana Langat akamwita Kibet ofisini, nami nikiwepo. Akamwambia aandike barua ya kueleza kwa nini alipima wakati amekatazwa, ili kamati iamue kama ataendelea na kazi. Kibet akaitikia. Hakujitetea. Angeandika nini? Kwamba alikuwa na adabu?

Wakuu, nilikuwa na njia rahisi sana pale. Nilitangaza mbele ya mashahidi thelathini. Nilisema "mtu yeyote", na yeye akarudia neno kwa neno. Hakuna mahakama ingenigusa. Ningechukua laptop yangu nikaenda dukani nikiwa bado injinia.

Nikamwambia meneja, "Barua nitaandika mimi."

Niliiandika hapo hapo. Mistari miwili. Kwamba maelekezo yalitaka waya wa mizani uchomolewe, na kwamba sikuuchomoa kwa sababu ya viatu.

Bwana Langat akaisoma. Akainua macho.

"Viatu?"

"Viatu."

Akaikunja, akaitia kwenye faili. Ya Kibet haikuandikwa. Kesho yake lori lilikuja, yule dada akasoma kioo, akasoma kipimajoto chake, zikalingana, akafungua bomba. Bado linakuja mpaka leo ninapoandika.

Nilichojifunza, na hiki sikufunzwa chuo wala Doha:

Kumwambia mtu asiguse si kufunga. Ni kuomba. Na ombi lina mipaka yake: litamzuia mwizi, litamzuia mkulima mwenye haraka, lakini litashindwa na siku ambayo mtu mwema ana sababu njema. Katoni yangu ilimtegemea Kibet awe mtu asiye na heshima kwa wakwe zake. Kama usalama wa memory yako unahitaji mtu akose adabu, hujaweka usalama wowote.

Chomoa waya. Ndipo hata Kibet anaweza kusema kwa adabu zote, "Mama, mashine imekataa," na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mashine haina wakwe.

Na ukimaliza, kagua yote upya kutoka mwanzo. Usikubali kuambiwa imefaulu na aliyekagua kabla ya mgeni kuingia.

Haya, uwanja ni wenu. Najua kuna wa "ungenunua board yenye memory mbili". Kweli kabisa, iambie kamati. Kuna na wa "mimi singefanya hivyo". Wewe ninakutaka zaidi. Tuambie, mashine unayoisimamia sasa hivi inalindwa na nini: waya uliochomolewa, au karatasi uliyobandika ukitumaini watu watakuheshimu? Semeni ukweli. Mimi nimeshapiga magoti, hakuna atakayechekwa kunizidi.